Nani Amefunga Breki Hii? Kisa cha Gereji Moja ya Malori, Malaba

Lori lilirudi yadini saa nne asubuhi, siku moja tu baada ya kutoka. Lilikuwa halijavuka mji wa Bugiri. Dereva alishuka bila kuzima injini, akazunguka hadi ekseli ya nyuma, akasimama pembeni mikono nyuma kama mzazi aliyeitwa shuleni. Habu ya kushoto, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa inafuka moshi. Hukuhitaji kugusa. Ukisogeza kiganja hadi shubiri moja ulisikia moto, na harufu ya lainingi (bitana ya breki) iliyoungua, kali kama ya pembe motoni, ilikuwa imeshafika jikoni kwa mama wa chakula.

Ilikuwa mara ya tatu kwa ekseli ileile ndani ya miezi miwili. Hajji, mwenye magari, akatoka ofisini, akainama, akanusa, akauliza swali moja: "Nani amefunga breki hii?"

Mafundi walikuwa 11. Hakuna aliyejibu. Hajji aliamini wanafichana. Mimi niliyekuwa dirishani na daftari la mishahara niliamini hivyohivyo. Ilichukua karibu mwaka mzima kwetu kuelewa kwamba hawakuwa wanafichana. Walikuwa hawajui. Mmoja alikuwa amevua matairi. Mwingine akachomoa habu na diramu, ngoma ya breki. Wa tatu akagongea lainingi mpya kwa ribiti, wa nne akapaka beringi grisi, na jioni yeyote aliyekuwa karibu akarudishia na kukaza nati. Breki ile ilipita mikono mitano, na hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kusema ni yake.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nilikaa katikati yake, mwaka 2023, nikiwa karani wa mishahara na stoo. Kampuni siitaji na watu siwataji, na mji ni mdogo, kwa hiyo nimebadilisha kiasi cha kutosha ili mtu asinyooshewe kidole.

Yadi yenyewe iko upande wetu wa Uganda, si mbali na Malaba, mpaka wetu na Kenya. Malori 24, mengi yake yanabeba makontena kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, kwenda Kampala, na tangu mpaka wa Katuna, wa kuingilia Rwanda, ulipofunguliwa tena Januari 2022, Kigali pia. Asiyejua barabara hii aulize dereva yeyote kuhusu mteremko wa Salgaa kule Kenya, au milima ya Kabale ukielekea Katuna. Huko breki ni suala la uhai.

Mafundi walikuwa Wateso, Wajopadhola, Wasamia, Wasoga wawili, na mzee mmoja kutoka Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye Kiswahili amekikuta nyumbani. Gereji nzima ilizungumza Kiswahili, kama gereji nyingi za mpakani, maana spana, springi na matusi vyote vilifika hapa kwa lugha hiyo. Serikali ilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, Msoga mmoja alisema wao wameshafaulu mtihani, wanadai cheti tu.

Hajji ni mtu wa haki kwa namna yake. Aliona magari yanarudi, akaona mafundi wawili wamevuka mpaka kwenda gereji ya upande wa Kenya, akahitimisha haraka: watu wana njaa. Na mtu mwenye njaa unamfanya nini? Unampa chakula. Akatangaza nyongeza ya shilingi 80,000 za Uganda kwa mwezi kwa kila fundi. Siku ile walipiga makofi.

Mwisho wa mwezi ukafika, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndani yake mna nusu ya kisa. Fundi wa kawaida alikuwa na mshahara wa 400,000. Kwa viwango vya kodi ya mapato vya wakati ule, 235,000 za kwanza hazikatwi kitu, 100,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 10, halafu 75,000 zinakatwa asilimia 20, na chochote kinachozidi 410,000 kinakatwa asilimia 30. Kwa hiyo kodi yake ilikuwa 23,000. Ongeza asilimia 5 ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani 20,000. Anabaki na 357,000. Mshahara ulipopanda hadi 480,000, kodi ikaruka hadi 46,000, NSSF ikawa 24,000, akapokea 410,000. Zile 80,000 zilizotangazwa mbele ya watu zilifika mkononi zikiwa 53,000.

Mmoja wao alikuja dirishani na karatasi ya mshahara imekunjwa mara nne. "Karani, Hajji alisema themanini. Hapa naona hamsini na tatu. Ishirini na saba imeenda wapi?"

Nikamwambia: 23,000 kwa serikali, 4,000 kwenye akiba yake ya NSSF.

Akafikiri. "Na serikali imefunga breki gani hapa?"

Wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka. Lakini jioni ile nilielewa kwamba nyongeza tumeitoa na shukrani hatukuipata. Hajji alikuwa ametoa 80,000, na juu yake asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF, kwa hiyo kila fundi alimgharimu 88,000 zaidi. Fundi alipokea 53,000. Huyu anasema nimetoa, yule anasema nimepunjwa, na wote wawili wanasema kweli. Tungekaa nao kwanza tukawatajia kitakachofika mkononi, tungejiepusha na aibu ile.

Kulikuwa na jeraha jingine la zamani, na hili sikulifunika wala silifuniki sasa. Kabla sijaingia ofisini, makato ya NSSF yalikuwa yakikatwa kwa wakati lakini yakipelekwa kwa kuchelewa. Sheria inataka pesa ziwe zimefika kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Siku hizi mwanachama anatazama akiba yake kwenye simu, na mafundi walikuwa wakitazama. Mtu anakatwa Januari, anafungua simu Machi, haoni kitu. Halafu unamwambia aipende kazi! Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya mengine yote ninayoeleza hapa, ni kuhakikisha makato yanakwenda kwa tarehe. Hakuna aliyenishukuru, na hawakuwa na sababu ya kunishukuru. Manung'uniko ya aina hiyo yalikoma tu, kama maumivu ya jino yanavyokoma.

Hapo ndipo ninapomleta Frederick Herzberg, ambaye kila aliyesoma menejimenti kidogo ameshamsikia. Mwaka 1959, mwanasaikolojia huyu wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza wakumbuke wakati walipojisikia vizuri sana kazini, na wakati walipojisikia vibaya sana. Waliposimulia wakati mzuri, watu walitaja zaidi kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana. Waliposimulia wakati mbaya, walitaja zaidi sera za kampuni, usimamizi, mshahara, mazingira. Herzberg akasema haya si pande mbili za sarafu moja. Ukiondoa kinachomuudhi mtu, unapata mtu asiyeudhika. Hujapata bado mtu mwenye ari.

Kwa yadi yetu maneno haya yalikaa sawasawa. Baada ya nyongeza, waliotaka kuondoka walitulia. Magari yaliendelea kurudi.

Lakini nina neno na wanaomtumia Herzberg hapa kwetu, hasa kwenye semina zile zenye chai na sambusa, wakitoka na kauli kwamba "pesa si motisha". Wale 203 walikuwa wahandisi na wahasibu wa Marekani, na utafiti wao haukufanyika katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kilichomo kwenye vitabu bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiwango cha mwaka 1984. Bunge letu lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Fundi anayelipa karo ya watoto wanne mwanzo wa muhula hasomi nadharia. Mshahara kwake ni sakafu, na sakafu ikitoboka hakuna anayetazama rangi ya ukuta. Namkubali Herzberg baada ya sakafu kuwapo.

Hatua ya pili ya Hajji ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, ingawa aliitoa kwa nia njema na mimi niliiandikia taratibu zake, kwa hiyo lawama tunagawana. Akaweka bonasi: kila gari linalotoka kabla ya saa sita mchana, mafundi walioligusa wanagawana shilingi 20,000. Tukaiita "motisha". Neno hili lina bahati mbaya. Kwenye Kiswahili cha ofisini limegeuka kuwa jina la bahasha, mpaka mtu akikuuliza kama kazini kwenu mna motisha, anakuuliza kama kuna kitu kidogo kinachoongezwa. Mwanzoni tulitaka kuiita posho, mzee wa Koboko akakataa: Uganda posho ni ugali, na ugali tayari walikuwa wanakula kila siku saa saba.

Magari yakaanza kutoka kabla ya saa sita. Yote. Hajji alifurahi kwa wiki tatu.

Beringi ya habu ina utaratibu wake. Unaichomoa, unaiosha kwa dizeli mpaka grisi ya zamani iishe, unaikausha, unaizungusha kwa kidole ukisikiliza, unatazama kama ina mikwaruzo, ndipo unaijaza grisi mpya kwa kiganja, ukiisukuma ipenye hadi ndani. Ukishairudishia, nati unaikaza huku tairi linazungushwa, kisha unairudisha nyuma kidogo ili beringi ipumue. Kazi hii ikifanywa vizuri haionekani. Ikifanywa vibaya pia haionekani, mpaka kilomita ya mia moja. Chini ya bonasi, beringi zilipakwa grisi mpya juu ya ya zamani, bila kuoshwa. Nilijua kutokana na stoo: grisi ilitoka kama kawaida, dizeli ya kuoshea ikabaki kwenye pipa. Tulilipa kwa hesabu ya magari yanayotoka, na magari yalitoka. Kwamba yanarudi, hilo halikuwamo kwenye bonasi.

Na wivu ukaingia. Fundi wa umeme hakugusa kila gari, mtu wa tairi aligusa yote. Wakaanza kutazamana. John Stacy Adams, miaka ya 1960, alieleza kwamba mtu hapimi anachopata peke yake. Anakipima pamoja na anachotoa, kisha anageuza shingo kumtazama jirani. Yadini jirani mkubwa alikuwa dereva. Dereva ana mshahara, ana pesa ya safari, na kontena likifika salama sifa ni zake: "Dereva wangu huyu ni simba," Hajji alikuwa akisema mbele ya wateja. Likiharibika njiani, kosa ni la gereji. Miaka nenda rudi, mafundi walilisikia jina lao likitajwa siku ya moshi tu.

Bonasi ilifutwa ilipofika mwezi wake wa tatu. Kuifuta kulileta uchungu kuliko kama isingekuwapo kamwe, na hilo nalo ni somo la bei ghali.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Jumapili moja, lori la kwenda Kigali lilikuwa na haraka na gereji imefungwa. Mzee wa Koboko, aliyekuwa anaishi hatua chache kutoka yadini, akaitwa. Alifanya ekseli mbili za nyuma peke yake na utingo wa kumshikia taa, kuanzia kuvua tairi ya kwanza hadi kukaza nati ya mwisho. Alimaliza usiku.

Jumanne simu yake ililia akiwa chini ya gari jingine. Alijivuta nje, akapokea kwa spika kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Ni dereva, yuko Kigali. "Mzee, nimeshuka Kabale yote na mvua. Breki zimenishika kama uko na mimi kwenye kebini."

Mzee alisema "Haya, shukrani," akakata. Akarudi chini ya gari. Nilimwona kwa macho yangu: hakutabasamu wala hakumwambia mtu. Ila kesho yake asubuhi, kabla ya kuvaa ovaroli, alikuja mlangoni kwa Hajji.

"Hajji, lile gari la Kigali niachie mimi."

"Nikuachie vipi? Gari ni langu."

"Gari ni lako, Hajji. Breki ziwe zangu."

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanisimulia habari ya 2020, wakati wa korona, alipokuwa akifanya kazi ng'ambo, upande wa Kenya. Madereva walikuwa wakisubiri kupimwa, na foleni ya malori ya kuingia Malaba ilinyoosha kilomita na kilomita. Yeye alitembea kando ya foleni na sanduku la spana. Walimwita kwa jina. Gari likikwama yeye ndiye anayelisukuma kwenye uhai, na mwenye gari yuko hapohapo anatazama. Pesa ilikuwa ya shida, hofu ilikuwa ya kweli. "Lakini kazi," akasema, "kazi ile ilikuwa na uso."

Sijapata maneno bora kuliko hayo, ingawa wasomi wamejaribu. Richard Hackman na Greg Oldham, Wamarekani pia, katika miaka ya 1970 walitaja mambo matano yanayoifanya kazi yenyewe imvute mtu: ujuzi wa namna mbalimbali, kazi kuwa kitu kizima chenye mwanzo na mwisho, uzito wake kwa maisha ya wengine, uhuru wa kuamua, na kujua matokeo. Wengi huishia kwenye orodha hiyo. Kinachonivutia mimi ni hesabu yao. Matatu ya kwanza walitafuta wastani wake, kisha wakauzidisha kwa uhuru na kwa kujua matokeo. Walizidisha, hawakujumlisha. Maana yake moja kati ya hayo mawili likiwa sifuri, jibu lote ni sifuri. Breki za lori zina uzito kwa maisha ya watu kuliko kazi nyingi unazoweza kufikiria, na bado yadini kwetu jibu lilikuwa karibu na sifuri, kwa sababu gari likishatoka getini fundi hasikii habari zake tena mpaka liharibike.

Na ile ekseli ya mwanzo, iliyorudi mara tatu? Ilipovuliwa kwa makini, kosa lilikuwa springi ya kurudishia viatu vya breki. Ilikuwa imechoka, kwa hiyo dereva akiachia pedali, lainingi inaendelea kusugua diramu. Fundi aliyegongea lainingi aliiona. Aliniambia mwenyewe, bila kujitetea: "Niliiona imelegea. Lakini mimi nilikuwa wa lainingi."

Hajji alikubali baada ya kusitasita. Mafundi wa makenika waliokubali walikuwa wanane, magari 24, kila mmoja akapewa matatu. Gia boksi haibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo walisaidiana kama zamani, lakini fundi aliyepewa gari ndiye aliyeamua lifanywe nini, na ndiye aliyeliruhusu kutoka. Kila kebini ikawekwa daftari la shule, limefungwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya kiti. Dereva aandike anachosikia: "inalia kushoto nikikata kona", "hewa inashuka nikiegesha usiku". Namba ya simu ya fundi ikaandikwa kwa rangi ndani ya mlango.

Msomaji anayetarajia niseme gharama zilishuka atanisamehe. Kwa miezi mitatu ya kwanza zilipanda. Mafundi walianza kuja stoo kudai springi, sili na buchi za magari ambayo hayajaharibika. "Ile ya kulia itakufa kabla ya Nairobi," mmoja ananiambia, akiomba kipuri cha gari linalotembea. Hajji aliona ankara, akataka kusitisha mpango mzima. Tulimshika mkono, mimi na dereva mmoja wa zamani. Kisha simu za usiku kutoka barabarani zikaanza kuwa chache, na lori la kukokota likakaa wiki kadhaa bila kuwashwa hadi betri yake ikafa. Sina jedwali la kuonyesha, na yadi moja si utafiti. Naeleza nilichokiona kutoka dirisha la stoo.

Haikuwa nyepesi. Magari matatu yalikuwa makuukuu, ya kiasi kwamba fundi yeyote angepewa angeona ameadhibiwa. Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia ya Hajji. Aliyepata mawili kati ya hayo alisusa siku nzima, na alikuwa na haki. Welda, fundi wa umeme na mtu wa tairi hawakupata gari lolote, na wakaanza kujiita "wakimbizi". Utani huo ulikuwa na mwiba, na hatukuutoa.

Foremani ndiye aliyeumia zaidi, na kwenye visa vya namna hii mtu kama yeye husahaulika. Kwa miaka yeye ndiye aliyejua kila kitu na kumgawia kila mtu kipande chake. Sasa mafundi wanaamua wenyewe, dereva anampigia fundi moja kwa moja. Tulirudisha uhai kwenye kazi za watu wanane kwa kuutoa kwenye kazi ya mtu mmoja. Baadaye alipewa kukagua magari mapya kabla ya kununuliwa, kazi yenye heshima. Lakini kwa majuma kadhaa alikuwa akitembea yadini na kalamu sikioni, hana cha kuandika.

Na kulikuwa na kijana mmoja, fundi mzuri, ambaye hakutaka. Aliniambia waziwazi: anataka aambiwe afanye nini, afanye, saa kumi na moja jioni aende kwake. Ana duka la chipsi na mkewe, ari yake iko kule. Hajji alimwona mvivu. Mimi simwoni hivyo. Hackman na Oldham wenyewe walisema si kila mtu ana kiu sawa ya kukua kupitia kazi yake, na sijui kwa nini mwajiri adhani ana haki ya moyo wa mtu kwa 480,000. Kijana alibaki msaidizi wa wote, na alisaidia vizuri.

Sasa simu. Namba iliyoandikwa mlangoni hailali. Dereva amesimama msitu wa Mabira saa nane usiku, anasikia mlio, anampigia nani? Fundi anaamka, anamwelekeza: fungua hiki, sikiliza kile, usikaze sana. Mwanzoni walijivunia. Mke wa mzee wa Koboko alikuwa akitania kwamba mumewe ameoa malori matatu. Lakini mwezi wa nne na wa tano wa mpango huu, nyuso za asubuhi zilibadilika. Nikaenda kwa Hajji na sheria mkononi: Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe si chini ya mara moja na nusu.

Hajji alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Karani, si unaona wanavyoipenda kazi yao? Wewe unataka kuwaharibia na pesa?"

Nimeliwaza jibu lile mara nyingi. Miezi kumi kabla, mtu huyuhuyu aliamini pesa ni kila kitu. Sasa alikuwa ameamini kwamba mtu akishaipenda kazi, pesa ni tusi. Kati ya makosa haya mawili, la pili ndilo linalonitisha, kwa sababu lina sura ya hekima, na semina za chai na sambusa zinalilea. Fundi anayependa magari yake ndiye rahisi kuliko wote kumwibia saa zake, atazitoa mwenyewe. Kisha siku moja atahesabu.

Tulivutana wiki mbili. Mwishowe ikapangwa zamu: usiku wa wiki moja simu zote zinakwenda kwa fundi mmoja, analipwa kwa usiku huo awe ameamshwa au la, na gari lisilo lake analihudumia kwa kusoma daftari. Kiasi kilichokubaliwa kilikuwa chini ya nilichoomba. Niliandika nilichopewa.

Mzee wa Koboko hakungoja kuona kama kinatosha. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alikuja kuaga, amevaa shati safi la mikono mirefu. Anakwenda kufungua gereji yake mwenyewe, barabara ya Tororo, na madereva wawili wa Hajji walikuwa wameshamwambia wazi kwamba wakiharibikiwa karibu na hapo watasimama kwake. Hajji alikasirika, akamwita mtovu wa shukrani, halafu jioni akamtumia mbuzi.

Madaftari yake matatu aliyaleta dirishani kwangu, kila moja limejaa hadi jalada la nyuma. La gari la Kigali lilikuwa na mafuta ya vidole kwenye kila ukurasa. Nikamuuliza nimpe nani. Akasema hilo si lake tena.

Kabla ya saa sita mchana vijana wawili walikuwa wanagombana nje kuhusu gari lile, mpaka foremani akawatenganisha. Aliyeshinda aliingia stoo akihema, akaniomba brashi ndogo na rangi nyeupe, na kitambaa cha kufutia namba ya mzee mlangoni. Brashi na rangi nilimpa. Kitambaa nilimwambia kimekwisha. Aandike namba yake chini.